Mawazo ya muda mrefu yanaweza kuwasha ubongo? Mama anasahau tangu Februari

#1 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Jambo wote. Naomba wenye kujua mnisaidie, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mama yangu ana miaka 52, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu tangu mimi nikiwa mtoto. Hesabu ya kichwa ndiyo ilikuwa sifa yake: wateja watano wamemzunguka, kila mmoja na kipimo chake, na hakosei hata faranga mia. Tangu Februari amebadilika. Wiki iliyopita nilikaa naye mezani. Mteja akatoa elfu kumi, akarudishiwa elfu sita, akaondoka zake. Dakika haijaisha, mama ananyoosha mkono na elfu sita nyingine, macho yanatafuta wa kumpa. Nyumbani aliteleka sombe (majani ya mihogo) kwenye mbabula, jiko la makaa, akaenda kufua, moshi ndio ulitushtua. Anaamka saa nane usiku na halali tena. Anasema kichwa "kinawaka ndani".

Tulikwenda hospitali moja. Palu (malaria) hakuna, tansiyo (shinikizo la damu) imepanda kidogo. Dokta akaandika parasetamoli na kumwambia: "Mama, punguza mawazo." Ayapunguze vipi? Benki zimefungwa, wateja wanakopa, kaka yetu mkubwa ni miezi hatujasikia sauti yake.

Binamu yangu anayesoma Lubumbashi anasema mawazo yanatoa homoni inayoitwa kotisoli, na mawazo yakidumu ubongo unapata mwako, yaani kinga ya mwili inawaka humo. Lakini kotisoli si ni ndugu wa deksa, ile dawa ya deksametazoni? Na deksa ndiyo wanayopewa watu kuzima uvimbe. Kitu kimoja kinazimaje na kuwasha?

#2 Nesi_Ndosho (Goma)
Pole kwa mama. Swali lako ni zuri kuliko jibu mlilopewa.

Ubongo ukiona hatari, haipothalamasi, sehemu yake ya ndani, inaamuru tezi ya pituitari, pituitari inamwaga homoni ya ACTH kwenye damu, nayo inafika kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hizo ndizo zinatoa kotisoli. Inapandisha sukari, inasukuma tansiyo, na ndiyo, inatuliza kinga ya mwili. Kwa mtu mwenye afya ina saa yake: inapanda alfajiri, inafika juu kabisa dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha inashuka pole pole hata usiku wa manane iko chini kabisa. Mtu aliyezoea kulala huku akisikiliza risasi, saa hiyo inavurugika. Huko kuamka saa nane usiku, mimi ningeanzia hapo.

#3 Motari_Nguba (Bukavu)
Mimi si dokta, ni mtu wa moto, pikipiki. Ukishuka toka Kadutu umeshikilia breki njia nzima, ukifika chini imeshika joto, haikamati tena. Na ni breki ile ile iliyokuwa inakuokoa. Si njo vile? Kotisoli ni breki ya mwako. Ukiishikilia miezi minane, haishiki.

#4 Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Motari, umeeleza kuliko mwalimu wangu wa sekondari. Niongeze historia kidogo. Aliyelieneza neno la stresi, yaani haya mawazo, ni Hans Selye, kule Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature: panya aliowatesa kwa baridi, kwa kazi ya kuchosha au kwa sumu, wote walionyesha mambo yale yale. Tezi za juu ya figo zimekuwa kubwa, thaimasi, ile tezi ya kinga iliyo kifuani, imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Kwa kazi hiyo alipewa Nobel ya 1950.

#5 Biolojia_Ibanda (Bukavu)
Mukubwa, heshima zako, ila Selye hakupata Nobel hata mara moja. Ya 1950 ilikwenda kwa Kendall, Reichstein na Hench, kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo hizo. Hench mwaka 1948 alimchoma kotisoni, homoni ya ukoo huo, mama mmoja aliyekuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa wa viungo, na baada ya siku chache akatembea. Hapo ndipo dunia iliamini kwamba homoni hizi zinazima mwako. Njo maana swali la #1 lina uzito.

Breki ya Motari naikubali nusu. Kwa mawazo ya muda mrefu, mara nyingi si kotisoli iliyoharibika. Kilichochoka ni masikio. Chembe za kinga zina vipokezi vya kotisoli, na zikipigiwa kelele kila siku zinaacha kusikia. Jirani wa kanisa lenye spika, mwezi wa kwanza halali, mwezi wa sita anakoroma. Mwaka 2012 Sheldon Cohen na wenzake, Marekani, waliwatia virusi vya mafua watu wazima wenye afya 276. Waliokuwa wametoka kwenye tatizo zito la muda mrefu, chembe zao zilisikia homoni hii vibaya, na wale ambao chembe zao hazisikii ndio walioelekea zaidi kuugua mafua. Mwako ukikosa wa kuutuliza unaendelea, na ujumbe wake, zile saitokini, unafika hadi ubongoni.

#6 MamaFuraha_Goma (Goma)
Mnazungumza chembe, mimi nizungumze mwili wangu.

Januari ile, 2025, siku risasi zilipoingia mjini nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Tulilala chini ya kitanda siku tatu. Siku ya pili mtoto ananyonya, hakuna kitu. Titi limejaa, linauma, gumu kama jiwe la volkano, na maziwa hayatoki. Mtoto analia, nami naogopa kilio chake kisituletee watu. Mama mkwe akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikanda mgongo, akatufunika mimi na mtoto kwa kitenge, akawa ananiimbia kwa sauti ya chini kabisa. Ikapita kama saa nzima. Halafu yakashuka, yakalowesha hata kitenge.

Mdogo wangu, ambaye hanyonyeshi wala hana mimba, hedhi yake ilikatika miezi mitano. Mimi tangu siku zile ninasahau. Naingia chumbani, nasimama, sijui nilifuata nini. Nina miaka 29. Kwa hiyo wa kusema mama wa #1 ni uzee tu, anijibu na mimi.

#7 Nesi_Ndosho (Goma)
Pole sana mama Furaha. Maziwa yalikuwepo. Hofu huzuia oksitosini, homoni inayoyasukuma yatoke. Mama mkwe wako alifanya kazi ya nesi bila gauni, na umfikishie salamu zangu. Kwa mdogo wako, ubongo ukishughulika na hatari unanyamazisha amri za uzazi kutoka juu, na hedhi inakatika. Mara nyingi inarudi mtu akipata usalama na chakula, ila miezi mitano, aonwe na daktari.

Na jambo moja watu wanalichanganya: adrenalini ni ile inayokupiga moyo papo hapo ukisikia mlipuko. Kotisoli inakuja nyuma yake, baada ya dakika, na inakaa. Tunayoizungumzia hapa ni ya pili.

#8 Mfamasia_Birere (Goma)
#1, kabla ya kulaumu mawazo, angalia mkoba wa mama. Je, kuna vidonge vya "kunenepesha" vinavyouzwa vimefungwa kwenye vipande vya karatasi? Je, anapaka mafuta ya kung'arisha ngozi?

Vidonge hivyo mara nyingi ni deksametazoni, na mafuta mengi ya aina ile yanatiwa klobetasoli. Zote ni za ukoo wa kotisoli. Deksa peke yake ina nguvu kama mara 25 ya kotisoli ya mwili. Inaingia, hata kupitia ngozi, na mtu anakosa usingizi, sukari na tansiyo vinapanda, uso unakuwa mviringo, kumbukumbu inayumba. Tezi za juu ya figo nazo zikiona homoni imejaa zinalala. Siku ukiacha ghafla, huna ya kwako wala ya dukani.

Narudia kwa kila anayesoma: usiache ghafla. Inapunguzwa pole pole, daktari akiangalia. Nimeona mtu anaanguka mbele ya dirisha langu.

#9 Dada_Neema (Lubumbashi)
Mfamasia anasema kweli, na mimi ni shahidi. Yaya wangu (dada yangu mkubwa) alitaka kujaza gauni la ndoa. Vidonge viwili kila siku, miezi miwili na nusu. Mashavu yakajaa, sote tukamsifu: "Ndoa imekukubali hata kabla!" Hakulala, alikuwa anapiga pasi nguo saa tisa usiku. Baada ya sherehe akaacha siku ile ile. Siku ya nne anatapika, hawezi kusimama, mikono baridi. Hospitalini wakamtundikia maji na hidrokotisoni kwenye mshipa, wakamrudishia dawa kwa vipimo vinavyopungua mwezi kwa mwezi. Anasema siku zile alisikia kichwa kama kimejazwa pamba. Hili liandikwe kwenye kila kioski.

#10 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Aksanti wote. Mama kunenepa hana haja, alikuwa tayari na mwili wake. La mafuta sikulifikiria kabisa. Mimi mtoto wa kiume siwezi kufungua mkoba wa mama, nitamwomba dada yangu.

#11 Kijana_wa_Idjwi (Idjwi)
Ninyi wa mjini mmesahau shingo. Kwetu kisiwani bibi zetu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Watafiti walikuja tangu miaka ya 1960 kulichunguza, na Idjwi imeandikwa katika vitabu vya madaktari kwa sababu hiyo. Iodini ni ndogo kwenye udongo wetu. Na mihogo isiyotengenezwa vizuri inaacha kitu mwilini, thayosayaneti, kinachozuia tezi isiichukue hata ile iodini kidogo iliyopo. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anasahau, anasikitika bila sababu. Kila mtu atamwambia ni mawazo. Mama wa #1 kala nini tangu biashara ianguke?

#12 Motari_Nguba (Bukavu)
Kijana wa Idjwi, sasa umekuja kutuondolea bugali!

#13 Kijana_wa_Idjwi (Idjwi)
Bugali kula, kaka. Mihogo ilowekwe siku zake zote, ianikwe ikauke sawasawa, na chumvi iwe ile yenye iodini, ifungwe vizuri, isikae wazi juani sokoni. Siku hizi kwa njaa watu wanaloweka usiku mmoja wanasaga. Hapo ndipo shida.

#14 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Tangu Machi tunakula bugali wa mihogo kila siku, sambaza zisizouzwa, na sombe. Na ni kweli analalamika baridi. Mimi nilidhani ni mvua za Bukavu.

#15 Mkunga_Bagira (Bukavu)
Baba zangu mmezunguka figo na shingo, hakuna aliyeuliza la kwanza ambalo mwanamke angeuliza. Ana miaka 52. Hedhi imekoma lini?

Estrojeni si ya uzazi tu. Ubongo una vipokezi vyake, na inasaidia kutuliza chembe za kinga zinazokaa humo. Ikishuka, usingizi unakatika, joto linapanda ghafla usoni na kifuani, maneno yanapotea mdomoni. "Kichwa kinawaka" nimelisikia kwa mamia ya akina mama. Kwamba homoni za uzazi zinagusa mwako wa ubongo kuna ushahidi: ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao ni kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, mashambulizi yake hupungua miezi mitatu ya mwisho ya mimba na kuongezeka miezi mitatu baada ya kuzaa. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulilionyesha hilo mwaka 1998.

Sisemi mawazo hayamo. Nasema huenda yamekuja pamoja na kukoma hedhi, na nani atayatenganisha?

#16 Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Mama mkunga, tulifundishwa kwamba ubongo una ukuta wake, kinga ya mwili haiingii. Hizo chembe za kinga ndani ya ubongo zimetoka wapi?

#17 Biolojia_Ibanda (Bukavu)
Mukubwa, ukuta upo, lakini ndani kuna walinzi wake wenyewe wanaoitwa maikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega aliwatambua mwaka 1919. Wametapakaa ubongo mzima, wanagusa-gusa mishipa ya fahamu kwa vidole vyao, wanakula uchafu. Wakiamshwa wanatoa saitokini.

Hapa naomba nirekebishe hata maneno yangu ya #5, kwa sababu yale masikio hayaelezi kila kitu. Kwa panya imeonekana kwamba mpangilio wa matukio unabadilisha matokeo. Ukimpa homoni ya stresi baada ya maambukizi, mwako unashuka, kama deksa ya hospitali. Ukimpa kabla, halafu maambukizi yakaja baadaye, walinzi wale wanawaka zaidi kuliko kawaida. Ni kana kwamba kotisoli iliwaambia wakae tayari. Homoni ni moja, saa ndiyo tofauti. Kwa hiyo #1, kuzima na kuwasha vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Na hipokampasi, sehemu inayoshika kumbukumbu mpya, ina vipokezi vya homoni hii kwa wingi. Bruce McEwen alivionyesha kwa panya mwaka 1968. Chenji ya elfu sita ni kumbukumbu ya dakika moja. Mimi naliona pale.

#18 Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Aksanti, kijana. Basi niwape ya kwangu nisiyekosea safari hii, maana ilimgusa mtoto wa kaka yangu. Alipata palu ya kichwani, akapoteza fahamu. Jirani mmoja akashauri achomwe deksa "kupunguza uvimbe wa ubongo". Daktari kijana akakataa, tukamgombeza. Kumbe alijua. Jaribio la Thailand lililotolewa mwaka 1982 lilionyesha kwamba kwenye palu ya kichwani deksa iliwaongezea wagonjwa muda wa kuzimia. Lakini dawa hiyo hiyo, Juni 2020, jaribio la Uingereza lilionyesha inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine ya kupumua. Mtoto aliamka siku ya tatu kwa dawa ya palu peke yake. Yule daktari nilimwomba radhi.

#19 Mwimbaji_Katindo (Goma)
Kuna njia nyingine hamkuitaja. Neva ya vagasi inashuka kutoka ubongoni hadi tumboni, na mwaka 2000 kikundi cha Kevin Tracey, Marekani, kilionyesha kwa panya kwamba ukiichochea, mwako unapungua. Kwaya yetu tunaimba Jumatano na Jumamosi. Sina kipimo cha kuwaonyesha, ila akina mama waliokuja Februari wakiwa hawasemi, sasa wanashika sauti ya pili. Kuvuta pumzi ndefu na kuitoa pole pole kunatuliza mapigo ya moyo, na hiyo ni kazi ya neva hiyo hiyo.

#20 Motari_Nguba (Bukavu)
Kwaya gani hiyo, ya kina mama wale wa vitenge vya kijani waliokuja Bukavu Pasaka ya mwaka juzi? Soprano yenu ilitupasulia masikio, lakini ilikuwa tamu.

#21 Mwimbaji_Katindo (Goma)
Wenyewe. Na spika ilikuwa yenu.

#22 Nesi_Ndosho (Goma)
Turudi kwa mama. Nina wasiwasi na neno moja, "mawazo", kwa sababu likishatamkwa uchunguzi unafungwa. Mawazo ni ya kweli na yanagusa hata nyama. Mwaka 1995 Marekani, Janice Kiecolt-Glaser aliwatia kidonda kidogo cha mkono wanawake 13 waliokuwa wanatunza ndugu mwenye ugonjwa wa kusahau, na 13 wengine wasiotunza mgonjwa. Vya watunzaji vilichelewa kupona siku tisa. Kwa hiyo siyadharau. Lakini mtu mwenye mawazo anaweza pia kuwa na rovu, na sukari, na upungufu wa damu. Apimwe TSH (kipimo cha tezi ya shingo), sukari na damu, tansiyo irudiwe siku tatu tofauti. Kama maabara inaweza, na kotisoli ya saa mbili asubuhi.

#23 MamaFuraha_Goma (Goma)
Na mtu akae naye mezani. Mimi kilichonisaidia kidogo ni wifi yangu kuja kuhesabu pamoja nami, bila kunicheka. Nikijua kuna macho mawili zaidi, sitetemeki, na nisipotetemeka nakumbuka.

#24 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Narudi na habari. Dada amefungua mkoba. Hakuna vidonge. Kuna kopo la mafuta, jeupe, limeandikwa lugha tusiyoisoma, limebaki robo. Mama alikasirika, kisha akalia. Alianza Oktoba ya mwaka juzi, rafiki wa sokoni alimwambia wateja wanapenda uso mweupe. Anapaka mwili mzima asubuhi na jioni. Kwa mfamasia wetu wameangalia viungo: klobetasoli imo.

Hedhi ilikoma Desemba, mama mkunga. Na Kijana wa Idjwi, nilimwomba ameze mate nikaangalia shingo, chini kidogo kuna kitu kama kijivimbe, au ni macho yangu yanatafuta. Binamu wa Lubumbashi anashikilia ni mawazo. Dada anashikilia ni mafuta. Mama mwenyewe anasema ni kaka, na siku akisikia sauti yake kichwa kitapoa.

Nilitaka kulitupa lile kopo chooni.

#25 Mfamasia_Birere (Goma)
Usitupe! Mwaka na zaidi mwili mzima, tezi zake huenda zimelala. Mrudishie apake kama kawaida hadi aonwe na daktari, na mwende naye mkiwa na kopo mkononi. Akitapika, akizimia au akiishiwa nguvu, mkimbizeni siku hiyo hiyo na mseme neno "klobetasoli" mlangoni.

#26 Mwana_Kadutu (Bukavu)
Nimemrudishia. Jumatatu saa mbili asubuhi tunapima, pesa dada ameuza simu yake. Leo nilikaa naye sokoni tangu asubuhi hadi jua la saa saba. Wateja kumi na wanne. Alikosea mmoja, na akajishika mwenyewe kabla sijasema.

#27 Kijana_wa_Idjwi (Idjwi)
Mungu awatangulie. Jumatatu mwambie daktari ashike shingo kwa mkono, asiangalie tu kwa macho.